Bustani ya Uani Mpakani: Rutuba Inatoka Wapi?

Mwaka 2020, janga la korona lilipovuruga masoko, Wizara ya Kilimo ya Kenya ilitangaza mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Februari 2022 Uganda nayo ilizindua wilayani Kibuku, si mbali na Tororo, mpango wa PDM unaopeleka fedha za serikali hadi ngazi ya muluka, yaani parokia. Rais Museveni naye kwa miaka mingi amehubiri mgawo wa ekari nne: moja ya kahawa, moja ya matunda, moja ya malisho na moja ya chakula cha familia. Wito wa kila kaya kujilimia mboga kwa hiyo si mgeni kwa mtu wa Busia, Malaba au Sop Sop, ingawa wenye ekari nne za kugawa namna hiyo ni wachache. Wito huo una kasoro moja kubwa: unazungumzia mbegu, magunia na mikopo, lakini haugusi udongo utakaozilisha mboga hizo mwaka wa tatu, wa nne na wa kumi. Hoja yangu ni kwamba katika ukanda huu wa mpaka wa Kenya na Uganda bustani ya uani ina kazi moja inayoiweza kweli, nayo ni kuipatia kaya mboga na virutubisho mwaka mzima. Kazi hiyo itadumu kama kuna hesabu ya kurudisha ardhini kile kinachovunwa, na kama mbegu iko mkononi mwa mlimaji. Mengine yote, hata yale yanayopendeza kwenye picha za maonyesho ya kilimo, ni nyongeza.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoondoa matumaini ya bure. Chukua kipande cha mita kumi kwa kumi kando ya nyumba. Kikipandwa mahindi yanayotoa tani mbili kwa hekta, mavuno ni kilo 20. Familia ya watu sita, kila mmoja akila gramu 400 za unga kwa siku, itaumaliza mzigo huo kwa siku nane. Kipande hicho kikipandwa mboga za majani, picha inabadilika. Watu hao sita wakila gramu 100 za majani kila mmoja kwa siku, wanahitaji takriban kilo 220 kwa mwaka. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambaye amezitafiti mboga za kienyeji kuliko wengi, ameonyesha kwamba mashamba ya wakulima wengi hutoa tani 1 hadi 3 kwa hekta, ilhali mboga zilezile zikitunzwa vizuri zinaweza kutoa tani 20 hadi 40. Kwa mavuno ya chini, mita zetu mia za mraba zinatoa kilo 10 hadi 30 kwa msimu, mboga ya wiki chache tu. Kwa nusu ya kile kiwango cha chini cha utunzaji mzuri, yaani tani 10, misimu miwili inatoa kilo 200, karibu mahitaji yote. Ardhi ni ileile na ukubwa ni uleule. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni rutuba na maji, na ndiyo sababu kilio cha kwamba ardhi ni ndogo hakinishawishi sana linapokuja suala la mboga. Kwa wimbi, mihogo na mahindi kilio hicho ni cha haki kabisa.

Sasa rutuba hiyo inatoka wapi? Hapa kuna utafiti unaopaswa kujulikana na kila afisa ugani wa eneo hili. Pablo Tittonell na wenzake walichunguza udongo wa mashamba madogo ya Kenya Magharibi, na mojawapo ya maeneo yao lilikuwa Aludeka, kule Teso, mwendo mfupi tu kutoka Malaba. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2005 walieleza jambo ambalo bibi yeyote wa kijijini angelikubali bila kupima: udongo ulio karibu na nyumba kwa kawaida una rutuba kuliko ule wa shamba la mbali. Maganda ya mihogo humwagwa karibu, majivu humwagwa karibu, mbuzi aliyefungwa malishoni mchana hulala uani na kuacha samadi yake uani. Nyumba inavuta rutuba ya boma zima kuelekea mlangoni. Kwa mwenye bustani hiyo ni bahati, lakini ni bahati yenye mwenyewe, na mwenyewe ni shamba la mbali, ambalo kila mwaka linatoa nafaka na kurudishiwa kidogo au lisirudishiwe kitu. Hivyo bustani iliyonawiri yaweza kuwa dalili ya shamba linalokufa polepole, na anayeisifu kuwa kilimo endelevu bila kutazama upande wa pili anapima nusu ya mzani.

Pingamizi hili ni zito kuliko yale yanayotajwa kila siku, na jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, kipande chenyewe ni kidogo. Mita mia za mraba katika boma la ekari mbili ni kama sehemu moja ya themanini, na haihitaji kunyonya shamba lote ili ishibe. Pili, na hili ndilo la kupangia, kuna rutuba inayoweza kuletwa kutoka nje ya shamba badala ya kuhamishwa ndani yake. Alizeti mwitu, ile tithonia yenye maua ya njano inayoota kwenye ua na kandokando ya barabara kutoka Nagongera hadi Bumala, ilichunguzwa sana na watafiti wa kilimo mseto huko Maseno miaka ya 1990. Majani yake makavu yana naitrojeni takriban asilimia 3.5 na potasiamu asilimia 4, na huoza haraka yakifukiwa mabichi. Lakini yana fosforasi asilimia 0.37 tu, tena fosforasi hiyo mmea haukuiumba, umeinyonya kutoka ukingoni mwa barabara. Anayekata ua uleule kila msimu atauona ukichoka. Naitrojeni ina njia nyepesi zaidi, kwa sababu kunde, karanga, maharagwe na desmodiamu huinasa kutoka hewani. Fosforasi hainaswi hewani. Ama inarudi kutoka ilikoenda, ama inanunuliwa.

Na fosforasi ndiyo inayopungua katika sehemu nyingi za ukanda huu, hasa kwenye udongo mwekundu uliochakaa. Jambo la kushangaza ni kwamba Tororo yenyewe imekalia madini hayo: milima ya Sukulu, inayoonekana kutoka mjini, ina hifadhi kubwa ya mwamba wa fosfati, na Busumbu, kaskazini zaidi, ina mwingine. Kiwanda cha mbolea kilijengwa Sukulu miaka ya karibuni, lakini ahadi ya mbolea nyingi na rahisi kwa mkulima jirani bado ni ahadi. Kutoka Tanzania, fosfati ya Minjingu imekuwa ikiuzwa Kenya kwa muda mrefu, na kwa bustani ndogo kiasi kinachohitajika ni cha kilo, si cha magunia. Hapa nitatengana na wale wanaoona kila kitu cha dukani kuwa dhambi. Unga wa mwamba wa fosfati ukichanganywa na mboji ni mwenza mzuri wa samadi, na kuukataa kwa jina la usafi wa kilimo hai ni kuuachia udongo deni. Upande wa kurudisha kilichokwenda, tundu kubwa zaidi la kuvuja ni choo. Desturi ya kufukia shimo lililojaa na kupanda mgomba au mpapai juu yake ipo katika vijiji vingi, na ni sayansi safi, mradi mboga za kuliwa mbichi ziwekwe mbali, na kinyesi kipewe muda wa kutosha wa kuoza. Majivu ya jikoni yanapunguza uchachu wa udongo na kuongeza potasiamu. Kwa aliye karibu na soko la Busia, maganda ya ndizi na majani ya kabichi yanayotupwa jioni ni rutuba ya mashamba ya watu wengine inayotafuta pa kukaa. Ichukue.

Baada ya udongo inakuja mbegu, na hapa uchaguzi wa zao ndio uchaguzi wa uhuru. Sukuma wiki imetawala bustani za jikoni kwa sababu inajulikana na inakatwa kwa muda mrefu, lakini katika joto la nyanda hizi haitoi mbegu kwa urahisi. Mlimaji hurudi dukani kununua pakiti nyingine, au hukata machipukizi. Mgagani (tsisaka kwa Waluhya), mnavu (au managu), mlenda, mchicha na kunde hutoa mbegu zake zenyewe ndani ya miezi michache, na mara nyingi huota tena bila kupandwa. Ni mboga zilizozoea ardhi hii. Kiduha, gugu la zambarau ambalo wengi hapa hulijua kwa jina la kayongo, hunyonya mizizi ya mahindi, mtama na wimbi, lakini halina kazi na mchicha wala mnavu. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Mbita kilibuni mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya tembo pembeni, mbinu iliyoenea hadi Busia na Tororo, nayo hupigana na gugu hilo pamoja na viwavi wa mabua. Bustani ya majani inakwepa sehemu kubwa ya vita hivyo tangu mwanzo. Kwenye chungu nako kuna hekima ya kutosha: majani yanayochemshwa na kuungwa kwa karanga au ufuta uliosagwa, kama yanavyopikwa kwa Wapadhola na Wateso, yana mafuta yanayousaidia mwili kufyonza vitamini A. Hilo halihitaji semina.

Mbegu za namna hii zimekuwa zikivuka mpaka tangu kabla mpaka haujawa mpaka. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuingiza katika himaya ya Afrika Mashariki, na tangu hapo Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili, lakini akina mama hawakuacha kupeana punje za mlenda. Sheria ya Kenya ya mbegu na aina za mimea, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2012, iliufanya ugawanaji na uuzaji wa mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa lenye adhabu kali. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha katiba. Ulinzi wa mkulima dhidi ya mbegu feki za madukani bado unahitajika, nami siutetei uholela, ila kumchukulia mama anayempa jirani kijiko cha mbegu za mgagani kama mhalifu lingekuwa jambo la kuchekesha kama lisingekuwa sheria.

Kipimo kigumu cha bustani ni kiangazi. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba zinamfanya kila mtu aonekane mkulima hodari. Januari na Februari ndizo zinazotenganisha. Anayeshauri umwagiliaji ajiulize kwanza nani atayabeba maji hayo na kutoka kisima gani. Maji ya kuoshea vyombo yanatosha vitalu vichache, matandazo mazito yanapunguza ukavu, ingawa matandazo ya nyasi kavu huita mchwa. Mtu akichimba bwawa dogo la kuvunia mvua akumbuke kwamba yuko katika mojawapo ya sehemu zenye malaria nyingi zaidi zilizowahi kupimwa: utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba mkazi wa Tororo aliumwa na mbu wenye vimelea mara 562 kwa mwaka. Tangi lililofunikwa ni sawa, dimbwi la wazi karibu na dirisha si sawa. Njia ya busara zaidi ni kupunguza haja ya maji badala ya kuyatafuta. Majani ya kunde yaliyokaushwa juani wakati wa wingi hukaa miezi. Kuhusu viazi vitamu, ambavyo marando yake hufa kwa jua, Kituo cha Kimataifa cha Viazi kimeeneza mbinu ya kuhifadhi viazi vidogo kwenye mchanga mkavu ndani ya nyumba, kisha kuvipanda uani na kuvinyeshea wiki sita hadi nane kabla ya mvua, ili marando yawe tayari siku mvua inapoanza. Ndoo chache za maji kwenye kitalu kimoja zinaokoa msimu mzima wa shamba kubwa.

Wenye shaka wana hoja yenye uzito kuhusu lishe. Mapitio ya Edoardo Masset na wenzake katika jarida la BMJ mwaka 2012, yaliyokusanya tafiti 23 za miradi ya kilimo ikiwemo bustani za nyumbani, yalikuta kwamba watu walikula zaidi kile walichopanda, lakini ushahidi kwamba watoto walikua vizuri zaidi ulikuwa hafifu. Wafadhili wengi wangependa kulisahau hilo. Waandishi wenyewe walisema tafiti nyingi zilikuwa ndogo mno kuweza kuonyesha tofauti hata kama ipo, kwa hiyo tusiyasome kama hukumu ya kwamba bustani hazifai. Hata hivyo yanatufundisha tusidai makubwa. Urefu wa mtoto unategemea pia minyoo, malaria, maji machafu na protini. Pale ambapo lengo lilikuwa dogo na bayana, matokeo yalionekana. Kati ya 2007 na 2009 viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilisambazwa kwa maelfu ya kaya katika wilaya za Kamuli, Bukedea na Mukono nchini Uganda pamoja na mafunzo kwa akina mama, na vitamini A waliyoipata watoto na wanawake iliongezeka waziwazi. Busia na Bungoma upande wa Kenya, mradi wa Mama SASHA uliwapa wajawazito waliohudhuria kliniki vocha za kuchukulia marando ya viazi hivyo. Kiungo cha kliniki na shamba ndicho kilichoupa mradi huo akili. Mtafiti Robert Mwanga wa Uganda, mmoja wa waliozalisha aina hizo, alishiriki Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Hoja ya pili ni ya fedha. Kwa nini mtu aliye mita mia chache kutoka soko la mpakani apoteze muda kwa jembe, wakati angeuza kitu na kununua mboga? Kwa nyanya na vitunguu nakubali nusu: nyanya za msimu wa mvua bila dawa mara nyingi huishia kuoza kwenye shina, na anayejaribu kuilazimisha bustani ndogo izae kila kitu atachoka mapema. Kwa nafaka nakubali zaidi. Lakini mpaka huu umeonyesha udhaifu wake. Machi 2020 wachuuzi wadogo walizuiwa kuvuka, na katika wiki zilizofuata malori yakapanga foleni ya kilomita nyingi Malaba na Busia yakisubiri vipimo vya korona. Machi 2021 Kenya ikapiga marufuku kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Mwenye mchicha uani hakuwa tajiri siku hizo, ila alikuwa na mboga. Kisha kuna miwa, ambayo imeingia katika mashamba ya Busia zote mbili. Muwa hukaa zaidi ya mwaka kabla ya kulipa, na malipo yake huja kwa mkupuo, mara nyingi mkononi mwa mwanamume. Mboga huliwa kila jioni. Fedha ya mkupuo na chungu cha kila jioni havikutani kirahisi ndani ya kaya, hata pale ambapo jumla ya mapato kwa mwaka ni kubwa.

Hilo linatuleta kwenye pingamizi ambalo sina jibu lake kamili: kazi ya nani? Bustani ya jikoni inaitwa ya familia, lakini kwa kawaida anayebeba maji, kupalilia, kuchuma na kuwafukuza kuku ni mwanamke, na ndiye aliyekwisha kulima shamba asubuhi. Kuku wa kienyeji peke yao wanaweza kuumaliza mradi wowote usio na uzio, na uzio unahitaji miti na mikono. Ardhi yenyewe mara nyingi ni ya ukoo wa mume, na mke anayeupalia udongo kwa miaka mitano hana hakika kwamba kipande hicho hakitatolewa kwa ajili ya nyumba ya kijana anayeoa. Mradi unaogawa mbegu bila kumwuliza mume atafanya nini unaongeza mzigo kwa jina la maendeleo. Kuchimba shimo la mboji, kujenga uzio na kuleta samadi kwa mkokoteni ni kazi zinazofanyika mara moja au mbili kwa mwaka, na wanaume wanaweza kuzichukua bila kuvunja desturi yoyote. Afisa ugani asiyelitamka hilo kwenye mkutano wa kijiji amekwepa nusu ya kazi yake.

Kwa wapangaji wa vyumba vya mjini Busia, bustani ya gunia inasaidia, kama ilivyosaidia Kibera baada ya vurugu za 2008 pale shirika la Solidarités lilipoieneza. Udongo wake uletwe kutoka mahali safi, na hasa isiwe kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Tiira na jirani zake, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki. Kijijini, gunia ni gharama isiyo na sababu.

Kwa halmashauri za kaunti ya Busia na wilaya za Busia na Tororo, ombi ni kwamba fedha zinazotengwa kwa magunia na pakiti za sukuma wiki zihamishiwe kwenye fosfati kwa vipimo vya kilo, waya wa uzio, na siku za kubadilishana mbegu za kienyeji sokoni. Kwa mwenye boma pale Sop Sop, kazi inaanza kabla ya Krismasi: viazi vidogo viingie mchangani, shimo la mboji lichimbwe na mwanamume wa nyumba hiyo, na mbegu za mgagani, mnavu na kunde ziombwe kwa jirani zingali nyingi. Mita kumi kwa kumi zinatosha kuanzia, na samadi iliyobaki irudi shamba la mbali.